Askari wa Zamani Akinyimwa Malipo Yake, Aweza Kwenda Kortini?

Kila serikali iliyo na jeshi huweka sheria ya kuwalipa askari walioumia kazini, na wajane wao. Lakini sheria haijisomi yenyewe. Lazima awepo ofisa wa kusoma barua ya askari, kutazama cheti cha daktari, na kusema, "Huyu alipwe," au, "Huyu asilipwe." Ofisa huyo ni mwanadamu, naye aweza kukosea. Swali tutakalolieleza leo ni hili: ofisa akikosea, ni nani mwenye uwezo wa kumsahihisha?

Katika nchi yetu nyumba nyingi zakumbuka wazee waliokwenda Uhabeshi na Burma pamoja na King's African Rifles, kwa hiyo shauri la malipo ya askari si geni kwa wasomaji wetu. Lakini leo twataka kueleza habari za Marekani, kwa kuwa huko jambo hili laonekana wazi kuliko mahali pengi. Kwa muda wa miaka 55, tangu mwaka 1933 mpaka mwaka 1988, sheria ya Marekani iliwakataza askari wa zamani kupeleka kortini uamuzi wa ofisi juu ya malipo yao. Kisha sheria ikageuzwa. Mtu akilinganisha nyakati hizo mbili ataelewa vema tofauti ya haki na fadhila.

MAJAJI WALIOKATAA KAZI

Desturi ya kuwalipa askari wa Marekani ni ya zamani kama nchi yenyewe. Mwezi wa Agosti, 1776, muda mfupi baada ya kutangaza uhuru, baraza la makoloni liliahidi nusu ya mshahara kwa kila askari atakayepoteza mkono au mguu vitani, au atakayeumia hata asiweze kujitafutia riziki.

Mwaka 1792 Bunge la Marekani lilitoa sheria ya kuwaagiza majaji wawachunguze askari vilema wa vita vile vya uhuru, na kuandika kiasi cha pensheni kiwafaacho. Lakini sheria hiyo hiyo ilimpa Waziri wa Vita ruhusa ya kuuzuia uamuzi wa majaji. Majaji walinung'unika sana. Walisema ya kuwa hukumu ya korti haiwezi kuwa barua ya maombi kwa waziri; ama ni hukumu, ama si kitu. Wengine walikataa kabisa kufanya kazi hiyo. Wengine walikubali kuifanya kama watu wenye kusaidia tu, wala si kama korti. Mwaka uliofuata, 1793, Bunge likaibadilisha sheria.

Tangu hapo mambo ya pensheni yalikaa mikononi mwa maofisa, na korti zikasimama mbali. Mtu asidhani ya kuwa majaji hawakuwahurumia askari. Walichokataa ni kuamua shauri ambalo uamuzi wake waweza kutupwa na yule yule anayelalamikiwa.

MLANGO WAFUNGWA KWA SHERIA

Mwaka 1930 ofisi mbalimbali za askari wa zamani ziliunganishwa kuwa idara moja. Miaka mitatu baadaye nchi ilikuwa katika dhiki kubwa ya uchumi. Mwezi wa Machi, 1933, Rais Franklin Roosevelt alitia sahihi sheria ya kupunguza matumizi ya serikali, na malipo ya askari wengi yakapunguzwa au kukatwa. Sheria hiyo iliongeza neno jingine: uamuzi wa mkuu wa idara ni wa mwisho, na hapana ofisa mwingine wala korti yo yote yenye uwezo wa kuuchungua.

Katika mwaka huo huo iliundwa Halmashauri ya Rufani, ili askari aliyenyimwa apate mahali pa kulalamika. Lakini Halmashauri hiyo ilikuwa sehemu ya idara ile ile. Wahenga walisema, kesi ya nyani hakimu ngedere. Si lazima hakimu huyo awe mbaya. Inatosha kuwa ni ndugu wa mshtakiwa, na hapana wa kumtazama.

Mwaka 1934 Korti ya Juu ya Marekani, katika shauri la bima ya askari, ilipambanua namna mbili za malipo. Bima, ikasema, ni mapatano. Serikali haiwezi kuyavunja ipendavyo. Lakini pensheni na malipo mengine ya namna hiyo ni bakshishi, nayo yaweza kupunguzwa au kuondolewa wakati wo wote Bunge lipendapo. Kwa neno hilo moja, "bakshishi," twaona jinsi serikali ilivyomtazama askari wake. Mwenye haki hudai; mwenye kupewa bakshishi hushukuru na kunyamaza.

WAKILI WA DOLA KUMI

Palikuwa na kizuizi kingine. Mwaka 1864, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, sheria ilikataza wakili asipokee zaidi ya dola 10 kwa shauri la pensheni ya askari. Nia ilikuwa njema, kwa sababu walikuwako mawakili walafi waliowanyang'anya wajane na vilema fedha zao. Lakini mpaka miaka ya 1980 sheria ilikuwa bado yasema dola 10, na fedha hizo hazikutosha hata kumlipa wakili kwa saa moja.

Mwaka 1985 jambo hilo lilifika mbele ya Korti ya Juu. Waliolileta walikuwa pamoja na askari waliosema ya kuwa miili yao iliharibiwa na mionzi ya mabomu ya atomiki. Mashauri yao yalikuwa magumu, yenye kutaka madaktari na wataalamu, nao walisema hawawezi kuyaendesha bila wakili. Majaji wengi wa Korti ya Juu waliiacha sheria isimame. Walisema Bunge lilitaka mashauri haya yaendeshwe kwa upole na bila mabishano ya mawakili, nalo lina uwezo wa kutaka hivyo.

Yafaa tuwe wa haki na kueleza hoja za upande huo. Idara ilisema ya kuwa yeye askari si adui yake. Kazi yake ni kumsaidia kutafuta ushahidi, na mashaka yakiwapo, kumpa yeye faida ya mashaka hayo. Baadhi ya vyama vya askari wa zamani vyenyewe viliogopa ya kuwa korti na mawakili vitaharibu upole huo na kuchelewesha malipo. Lakini vyama vingine, hasa cha askari waliopigana Vietnam, viliuliza swali ambalo halikupata jibu jepesi: ikiwa idara yawatendea watu wote haki, yaogopa nini kutazamwa na jaji?

SHERIA YA MWAKA 1988

Tarehe 18 Novemba, 1988, Rais Ronald Reagan alitia sahihi sheria iliyofungua mlango. Sheria hiyo iliunda korti mpya mjini Washington, ya kusikiliza rufani za askari wa zamani, wajane na watoto wao. Korti ilianza kazi mwaka 1989, na tangu mwaka 1999 jina lake ni Korti ya Rufani za Askari wa Zamani. Majaji wake huteuliwa na Rais na kukubaliwa na Baraza la Seneti, nao hukaa kazini miaka 15. Si watu wa idara, wala waziri hana uwezo wa kuwaondoa.

Kizuizi cha dola 10 kiliondolewa vilevile. Tena sheria iliiagiza Halmashauri ya Rufani iandike sababu za kila uamuzi wake. Neno hili la mwisho laonekana dogo, lakini pengine ndilo kubwa kuliko yote. Zamani Halmashauri iliweza kuandika mistari michache na kusema, "Ushahidi hautoshi." Leo hapana budi iseme ni ushahidi gani ulioaminiwa, ni upi ulioachwa, na kwa sababu gani. Jaji hawezi kupima kitu kilichofichwa katika moyo wa ofisa.

SAFARI YA SHAURI

Sasa tueleze jinsi shauri linavyokwenda. Askari anayedai malipo ya ulemavu lazima aonyeshe mambo matatu: kwanza, ana ugonjwa au kilema sasa, pili, jambo fulani lilimpata alipokuwa jeshini, tatu, jambo hilo ndilo lililoleta kilema hicho. Akikubaliwa, ulemavu wake hupimwa kwa asilimia, kwa hatua za kumi kumi mpaka 100, na malipo ya kila mwezi hufuata kipimo hicho.

Akikataliwa, au akipewa kipimo kidogo kuliko atakavyo, anazo njia tatu. Njia hizi ziliwekwa na sheria ya mwaka 2017, iliyoanza kutumika tarehe 19 Februari, 2019. Aweza kuleta ushahidi mpya ili shauri lake litazamwe tena. Aweza kuomba ofisa mkubwa zaidi alitazame kwa ushahidi ule ule. Au aweza kupeleka rufani kwa Halmashauri. Kwa kila njia amepewa mwaka mmoja. Asipoacha mwaka upite, tarehe ya dai lake la kwanza hulindwa, na akishinda baadaye aweza kulipwa malimbikizo tangu tarehe hiyo.

Halmashauri ikimkatalia, ndipo aweza kwenda kortini, na muda aliopewa ni siku 120, tangu tarehe ambayo barua ya uamuzi ilitiwa posta. Ada ya kufungua rufani ni dola 50, na maskini aweza kusamehewa. Yeye askari ndiye tu mwenye ruhusa ya kuupeleka uamuzi wa Halmashauri kortini. Halmashauri ikimpa askari ushindi, waziri hawezi kukata rufani.

Juu ya korti hiyo iko korti nyingine ya rufani, iitwayo Federal Circuit. Pande zote mbili zaweza kwenda huko, kwa muda wa siku 60. Lakini korti hiyo hutazama maana ya sheria na katiba tu. Haiulizi kama mgongo wa askari waumwa au hauumwi. Mwisho kabisa ni Korti ya Juu, ambayo huchagua mashauri machache itakayoyasikiliza.

JAJI HUTAZAMA NINI?

Watu wengi hudhani ya kuwa kwenda kortini ni kuanza shauri upya, na kuleta mashahidi na daktari mwingine. Sivyo. Korti husoma jalada lile lile lililokuwa mbele ya Halmashauri, wala haipokei ushahidi mpya. Kazi ya jaji yafanana na kazi ya mkaguzi wa mizani apitaye madukani. Mkaguzi hauzi sukari, wala hampangii mwenye duka bei. Hutazama kama mizani ni sawa. Akiona imepinda, mwenye duka lazima airekebishe na kupima tena.

Hivyo jaji huuliza: Je, sheria iliyotumiwa ndiyo iliyopasa kutumiwa? Je, Halmashauri ilieleza sababu zake? Je, idara ilitimiza wajibu wake wa kumsaidia askari kupata vyeti vyake? Juu ya maana ya sheria, jaji huamua mwenyewe bila kuifuata Halmashauri. Lakini juu ya mambo yaliyotokea, kama vile ni daktari gani wa kuaminiwa, hawezi kuligeuza neno la Halmashauri kwa kuwa tu yeye angeamua vingine. Lazima aone kosa lililo wazi.

Iko sheria nyingine ambayo yastahili kukumbukwa. Katika mashauri mengi, mwenye kudai ndiye mwenye mzigo wa kushinda. Katika shauri la askari wa zamani, ushahidi wa pande mbili ukikaribia kuwa sawasawa, faida ya mashaka ni ya askari. Katika mwaka 1990, katika shauri liitwalo Gilbert v. Derwinski, korti mpya ilieleza maana ya sheria hiyo kwa urefu, ikasema ya kuwa Halmashauri ikikataa kumpa mtu faida hiyo, lazima iseme kwa nini.

Mara nyingi, basi, askari anayeshinda kortini harudi nyumbani na fedha siku hiyo. Korti huufuta uamuzi na kulirudisha shauri kwa Halmashauri, likatazamwe upya kwa njia iliyo sawa. Huko askari aweza kuongeza ushahidi. Wako wanaolalamika ya kuwa kwenda na kurudi huku kwachosha, na askari mzee aweza kufa kabla ya shauri lake kwisha. Malalamiko hayo ni ya kweli. Lakini kurudishwa kwa shauri si kushindwa, maana ofisi sasa lazima ijibu swali ambalo zamani iliweza kuliruka.

MASHAURI YALIYOBADILISHA MAMBO

Tutaje machache ili msomaji aone faida.

La kwanza ni la mwaka 1994. Askari mmoja wa vita vya Korea alipasuliwa mgongo katika hospitali ya idara, na baadaye mguu wake ukawa dhaifu. Akadai malipo. Idara ilimkatalia kwa kufuata kanuni iliyowekwa tangu mwaka 1934, isemayo ya kuwa mtu halipwi isipokuwa ameonyesha kosa la hospitali au ajali isiyotazamiwa. Majaji wa Korti ya Juu waliisoma sheria ya Bunge, wakaona haina neno lo lote juu ya kosa la hospitali. Kanuni ilikuwa imeongeza sharti ambalo sheria haikuliweka. Wote kwa umoja waliifuta. Idara ilijitetea ya kuwa kanuni hiyo imedumu miaka 60, lakini kwa muda wote huo karibu hapakuwa na korti ya kuiuliza. Kosa halipati uhalali kwa uzee wake.

La pili ni la mwaka 2011, nalo lahusu tarehe. Askari mwingine wa vita vya Korea alihesabiwa kuwa na ulemavu wa asilimia 100 kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Mwaka 2001 aliomba malipo ya nyongeza, kwa kuwa alihitaji mtu wa kumtunza nyumbani. Halmashauri ilimkatalia mwaka 2004. Alipopeleka rufani kortini alikuwa amechelewa siku 15. Alieleza ya kuwa ugonjwa ule ule ndio uliomzuia kufanya mambo kwa wakati. Korti ilimjibu ya kuwa siku 120 ni ukuta. Aliyechelewa, hata kwa udhuru gani, korti haina uwezo wa kumsikiliza. Shauri likapanda mpaka Korti ya Juu, na kabla ya hukumu askari huyo akafa. Mjane wake akashika mahali pake.

Tarehe 1 Machi, 2011, majaji 8 waliosikiliza shauri hilo walikubaliana wote. Jaji Samuel Alito, aliyeandika hukumu, alisema ya kuwa Bunge lilipoiunda korti hii lilikuwa na nia ya kuwasaidia askari wa zamani, na haiyumkini lilitaka waadhibiwe kwa ukali kama huo. Muda wa siku 120 ni sheria ya maana ya kufuatwa, lakini si ukuta usio na mlango. Tangu hapo korti yaweza kumsamehe mtu mwenye udhuru mkubwa aliyejitahidi kadiri ya uwezo wake.

La tatu ni la mabaharia wa vita vya Vietnam. Katika vita hivyo ndege za Marekani zilinyunyiza dawa ya kuua majani iitwayo Agent Orange, na askari wengi walipata magonjwa. Sheria ya mwaka 1991 ilisema ya kuwa aliyehudumu katika Jamhuri ya Vietnam, akipata mojawapo ya magonjwa yaliyotajwa, hana haja ya kushinda ya kuwa dawa ndiyo iliyomdhuru. Lakini idara iliwakataa mabaharia waliokaa melini karibu na pwani, ikisema hawakukanyaga nchi kavu wala kuingia mitoni. Mwaka 2008 korti ya Federal Circuit iliikubalia idara. Mwezi wa Januari, 2019, majaji wote wa korti hiyo waliketi pamoja wakageuza hukumu: nchi ni pamoja na maji yake ya pwani, mpaka maili 12 baharini. Mwezi wa Juni mwaka huo huo Bunge lilitunga sheria ya kuwapa mabaharia hao malipo.

KORTI HAIWEZI KILA JAMBO

Jaji hufuata sheria, haitungi. Baada ya hukumu ile ya mwaka 1994, Bunge lilibadilisha sheria mwaka 1996, na sharti la kuonyesha kosa la hospitali likarudi, safari hii katika sheria yenyewe. Hapo korti haikuwa na la kusema.

Mfano mchungu zaidi ni wa Wafilipino waliopigana chini ya bendera ya Marekani katika Vita Kuu ya Pili. Vita vilipokwisha, sheria ya mwaka 1946 ilisema ya kuwa utumishi wao usihesabiwe kuwa utumishi wa jeshi la Marekani kwa malipo mengi. Walikwenda kortini, na mwaka 1991 korti ya rufani ya Washington ilisema ya kuwa Bunge lilikuwa na uwezo wa kutunga sheria hiyo. Mwaka 2009 ndipo Bunge lenyewe lilipokubali kuwalipa waliobaki hai, mara moja tu: dola 15,000 kwa aliye raia wa Marekani, na dola 9,000 kwa asiye raia. Wengi walikuwa wamekwisha kufa.

Mwaka 2023 Korti ya Juu ilionyesha mpaka mwingine. Askari mmoja mgonjwa wa akili, aliyeacha jeshi mwaka 1981, alipeleka dai mwaka 2011. Alipewa malipo tangu siku ya dai lake. Aliomba yahesabiwe tangu mwaka 1981, kwa kuwa ugonjwa ndio uliomchelewesha. Sheria yasema anayedai katika mwaka mmoja baada ya kuacha jeshi hulipwa tangu siku aliyoacha. Majaji wote walisema ya kuwa Bunge limeorodhesha yenyewe mambo ya kusamehewa, na ugonjwa huo haumo. Alikosa malipo ya miaka 30. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

Tena mwezi wa Machi, 2025, katika shauri la Bufkin v. Collins, majaji 7 kwa 2 walisema ya kuwa Halmashauri ikisema ushahidi haukukaribia kuwa sawasawa, korti ya askari wa zamani haipimi upya. Hutazama tu kama kuna kosa lililo wazi. Kwa hiyo shauri linalotayarishwa vibaya ofisini ni vigumu kuokolewa kortini.

NANI HUMLIPA WAKILI?

Siku hizi askari aweza kumlipa wakili baada ya ofisi kutoa uamuzi wa kwanza. Kwa kawaida wakili akipokea asilimia 20 ya malimbikizo, au pungufu, malipo hayo huhesabiwa kuwa ya haki. Tena tangu mwaka 1992 iko njia ya kuifanya serikali yenyewe imlipe wakili, ikiwa askari ameshinda kortini na msimamo wa serikali haukuwa na msingi wa kutosha. Vyama vya askari wa zamani pia hutoa watu wa kusaidia bila malipo. Hali imekuwa mbali sana na siku za dola 10.

KUTOKA BAKSHISHI MPAKA MALI

Tumetaja ya kuwa mwaka 1934 pensheni iliitwa bakshishi. Mwaka 2009 korti ya Federal Circuit ilisikiliza shauri la askari wa Vietnam ambaye jaladani mwake mlikuwa na cheti cha daktari kilichogeuzwa maneno, na cheti hicho kibaya kilikuwa kimetumiwa dhidi yake. Korti ilisema ya kuwa mtu aliyetimiza masharti ya sheria, malipo yake ni kama mali yake. Na katiba yakataza mtu kunyang'anywa mali bila kusikilizwa kwa njia ya haki. Shauri lake likarudishwa lisikilizwe bila cheti kile.

Tangu "bakshishi" mpaka "mali" ilipita miaka 75. Katika muda huo sheria za malipo ziliongezwa mara nyingi, lakini kuongezwa kwa fedha hakukumfanya askari kuwa mwenye haki. Kilichomfanya hivyo ni kupata mtu wa tatu, asiye yeye wala ofisi, mwenye uwezo wa kuiambia ofisi, "Hapa mmekosea, tazameni tena."

Kwa wasomaji wetu, somo si la Marekani tu. Kifungu cha 47 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 chasema ya kuwa kila mtu ana haki ya kutendewa kwa haki na ofisi za serikali, na uamuzi ukimdhuru, apewe sababu kwa maandishi. Na sheria ya mwaka 2015 yaeleza jinsi ya kupeleka jambo hilo mbele ya korti. Mashauri tuliyoyataja yafundisha mambo matatu kwa kila mwenye dai juu ya ofisi yo yote. Weka karatasi zako zote, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Andika tarehe ya kila barua uliyopokea, na uulize siku ya mwisho ya kujibu. Na ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi, kwa kuwa jaji hupima neno lililoandikwa.